VIBALI VIKIKAZWA, MASURUFU YATAPITA WAPI?

Amri iliyotolewa na Serikali yetu Julai 28, 2025, ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, imezungumzwa na wengi na kusomwa na wachache. Wapo walioipigia vigelegele bila kuisoma, na wapo walioilaani bila kuisoma. Sisi tumeisoma. Na kwa kuwa sisi ni watu wa Tanga, ambao kutoka mjini kwetu mpaka Horohoro ni kilomita 65 tu za lami, twaona ni wajibu wetu kusema neno juu yake, na juu ya sheria zote za namna hiyo, za kwetu na za wenzetu, zinazomgusa mtu avukaye mpaka kutafuta riziki na kupeleka masurufu nyumbani.

Amri hiyo ilitolewa na Bwana Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara wakati ule. Yasema mgeni asiuze kwa jumla wala rejareja, isipokuwa maduka makubwa na wauzaji maalumu wa jumla wanaouza mali za wazalishaji wa nchini, asiwe wakala wa fedha kwa simu, asitengeneze simu, asifungue saluni nje ya hoteli au shughuli za watalii, asifanye biashara ya usafi wa nyumba na maofisi, asichimbe madini katika machimbo madogo, asiwe dalali, asiongoze watalii, asinunue mazao shambani kwa mkulima, asiwe na kiwanda kidogo, na mengineyo. Mgeni atakayepatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, na viza yake na kibali chake cha kuishi hufutwa. Raia atakayemsaidia naye ana yake: shilingi milioni 5 au miezi mitatu. Aliyekwisha kuwa na leseni halali aliachwa aendelee nayo mpaka iishe, lakini haitatolewa nyingine.

Sisi hatuna ugomvi na shabaha ya Amri hii, na tunataka jambo hilo lieleweke kabla hatujaendelea. Mtu anayetoka mbali na shehena ya makontena, kisha akakaa Kariakoo kuuza vikombe kimoja kimoja na kumshinda bei mama mwenye meza yake, huyo hakuleta mtaji wala ujuzi. Amekuja kuchukua kidogo tulicho nacho. Nchi yo yote yenye kujiheshimu huwalinda watu wake wadogo. Kazi ya kuchoma mahindi haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Lakini Amri inasema "wasio raia", basi. Haikumtenga mwenye makontena na kijana wa Lunga Lunga mwenye mkasi na kitana. Haikumtenga mtu wa bara nyingine na mtu ambaye bibi yake mzaa mama amezikwa Moa na babu yake Vanga. Wote ni wageni, wote faini yao ni moja. Mwenye makontena ana mwanasheria, ana raia wa kumwandikia duka kwa jina lake, na ana milioni 10. Mwenye mkasi hana hata nauli ya kurudia. Basi twauliza: amri ya namna hii, siku itakapoanza kuuma, itaanza kwa nani?

Wenzetu wa Kenya walipiga kelele mara moja, wakasema Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki umevunjwa. Mkataba huo ulitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, nao wasema wazi kwamba wafanya kazi wa nchi wanachama wapite na kufanya kazi bila kubaguliwa kwa ajili ya uraia. Hayo ni kweli. Lakini mkataba ule una viambatisho, na katika viambatisho kila nchi iliandika ni kazi zipi itakazozifungulia mlango. Orodha ya Tanzania ni ya wenye vyeti: walimu, wahandisi, waganga, mafundi wa ngazi za juu. Mkata mkonge hayumo. Mtumishi wa nyumbani hayumo. Mvuvi hayumo. Yaani wale wanaovuka mpaka kwa wingi hasa, tena tangu zamani za majahazi, ndio waliosahauliwa na mabwana waliokaa mezani. Na si Tanzania peke yake iliyowasahau.

Tuchukue mfano wa Muheza, maana mfano huu tunauona kwa macho. Machungwa ya Muheza yamekuwa yakinunuliwa kwa miaka mingi na wafanya biashara kutoka Kenya, ambao huja na malori yao mpaka shambani, wakahesabu miti, wakatafuta vijana wa kuchuma na kupakia, wakaondoka kwenda Mombasa na Nairobi. Hapana asiyejua kwamba katika mapatano hayo mkulima mara nyingi hupunjwa. Sasa mnunuzi huyo amekatazwa asifike shambani. Vema. Lakini je, kuna soko lililojengwa mahali ambapo mkulima atapeleka chungwa lake na mnunuzi wa Kenya akalikuta kwa haki, kwa mizani na kwa bei iliyotangazwa? Kama halipo, basi kitakachotokea ni kwamba atatokea raia mmoja mwenye simu na pikipiki, atakwenda shambani kwa niaba ya yule yule wa Kenya, atachukua chake katikati, na mkulima atapata pungufu ya alichokuwa akipata jana. Chungwa haliwezi kungoja kamati, likiiva limeiva.

Sasa tuseme juu ya fedha zenyewe, maana hapa ndipo watu walipochanganyikiwa. Amri haimkatazi mgeni kutuma fedha kwa simu. Yamkataza kuwa wakala wa kutuma. Mkenya anayefanya kazi Tanga aweza kupeleka shilingi zake Kwale kama zamani, na tangu mwaka 2015 fedha zaweza kutoka M-Pesa ya nchi moja zikaingia ya nchi nyingine bila mtu kuvuka mpaka. Kinachomzuia si Amri ya Julai. Kinachomzuia ni laini. Tangu Mei 2019 laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole, na muhula wa mwisho ulikuwa Januari 20, 2020. Raia huulizwa namba ya kitambulisho cha taifa, mgeni huulizwa pasipoti. Kibarua aliyevuka kwa njia za porini hana hiki wala kile. Asiye na karatasi hana laini. Asiye na laini hutumia ya mwenziwe, na mwenziwe hukata ushuru wake, au siku nyingine hukata zote, na wa kumshitaki hayupo, maana akienda kituoni yeye ndiye atakayewekwa ndani kwanza.

Hapo ndipo sheria kali inapofika bila kukusudiwa. Imetungwa ili kumzuia mtu asiingie. Lakini mtu amekwisha ingia, kwa sababu shamba linamtaka na tumbo linamsukuma. Sheria hubaki kuzuia ule mshahara usitoke. Na tajiri wa shamba anajua. Kibarua mwenye kibali hudai kima cha chini kilichowekwa na Serikali. Kibarua asiye na kibali hupewa anachopewa, na akinung'unika huambiwa Uhamiaji si mbali. Sheria ya Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015 iliweka vibali vyote vya kazi mikononi mwa Kamishna wa Kazi, na kila kibali hufungwa kwa mwajiri mmoja. Ada zake zinahesabiwa kwa dola za Marekani. Dola, ndugu wasomaji, kwa mtu anayelipwa kwa mita za mkonge! Sheria ile ilimfikiria meneja na mhandisi, na kwao huenda inafaa. Kwa kibarua ni mlango uliochorwa ukutani.

Sisi watu wa Tanga tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Mkonge wenyewe, ulioijengea Tanga jina duniani, ni mgeni. Dakta Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na katika miche yote aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Na mikono iliyoukata nayo ilitoka mbali. Wadachi waliona shida ya vibarua mapema sana; mwaka 1892 walileta hata Wachina na Wajava katika mashamba ya huku. Baadaye wakaja watu wa bara: Wangoni kutoka Songea, Wabena wa Njombe, Waha wa Kigoma, Warundi na Wanyarwanda, Wamakonde na Wamakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma katika nchi ya Wareno. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chama chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na malori yake yakawa yanaleta watu kwa mkataba. Kila mtu alipewa namba, na kwa namba hizo wakaitwa manamba. Katika miaka ya 1950 waliofanya kazi ya mkonge Tanganyika walikuwa zaidi ya laki moja.

Wazee wetu wanakumbuka kipande. Kilikuwa ni kadi ya siku 30 za kazi, na ilipasa zijazwe mnamo siku 42. Siku ambayo kazi haikutimia haikuandikwa. Aliyeletwa kwa mkataba, sehemu ya mshahara wake ilizuiliwa apewe siku ya kurudi kwao. Wakubwa walisema ni kwa faida yake, asije akaimaliza katika pombe. Huenda. Lakini faida ya kwanza ilikuwa ya shamba, maana mtu hakimbii akiacha fedha yake nyuma. Zilizobaki mkononi alizipeleka nyumbani kwa hawala ya posta kama posta ilikuwako, na kama haikuwako alimpa mtu wa kwao aliyemaliza mkataba, zimeshonwa katika upindo wa shuka. Kodi ya kichwa ya baba mzee kule Kibondo ililipwa kwa mkonge wa Ngomeni. Mahari ya Songea ilitoka Pongwe. Kwa hiyo mtu akituambia leo kwamba fedha za mgeni zikitoka nchini ni hasara tupu, sisi twamjibu kwamba mji huu tunaoutembea, reli yake, bandari yake, na majumba yale mazuri ya Raskazone ambayo wenye mashamba na maofisa walijijengea wapate upepo wa bahari, ulitokana na jasho la watu ambao shilingi zao zilikuwa zikienda kwao. Walipeleka mshahara, wakaiacha kazi yao hapa.

Na wengi hawakurudi. Wajukuu zao wamo Muheza, wamo Korogwe, wamo Ngamiani, nao ni wananchi kama sisi. Hapana aliyewaita wageni siku walipopanga foleni ya kupiga kura.

Sasa twende upande wa pili wa mpaka, maana hatuwezi kuona dhuluma ikitoka kwetu tu. Wamakonde wengine walivuka wakaenda Kenya tangu miaka ya 1930, wakakata miwa Ramisi na mkonge katika mashamba ya pwani na Taita. Walizaa huko, wakazika huko, na kwa muda wa miaka themanini hawakuwa na kitambulisho. Mwaka 2016, mwezi wa Oktoba, waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe, nao ndipo walipoanza kushika kadi ya heshima, Februari 2017.

Wapemba nao. Kila mwenye kujua bahari anajua kwamba mvuvi wa Pemba hufuata samaki, na kaskazi ikivuma huenda dago, akapiga kambi ufukweni Shimoni, Vanga, Kilifi, miezi kadhaa, kisha akarudi. Baadhi yao hawakurudi. Walikaa Kenya kwa vizazi, na kwa sababu hawakuwa na kitambulisho hawakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lao, wala kuandikisha chombo, wala kufungua akaunti, wala kuwa na laini ya M-Pesa. Fikirini hilo: nchi ambayo ndiyo iliyoianza M-Pesa mwaka 2007, na ndani yake mvuvi aliyejaza dau samaki analazimika kumwuzia mtu mwingine kwa bei ya huyo mtu, kwa sababu yeye kwa mujibu wa karatasi hayupo duniani. Akitaka kumpelekea mama yake Wete shilingi elfu mbili, lazima ampigie mtu magoti. Mwaka 2023 Rais William Ruto aliwatambua rasmi, watu takriban 7,000, na Julai mwaka huo vitambulisho vikaanza kutolewa Kilifi. Tunaipongeza Serikali ya Kenya kwa hilo. Lakini twasema pia kwamba umri wa mtu mzima ulipita katikati, na samaki waliouzwa kwa nusu bei katika miaka hiyo hakuna atakayewalipa.

Kuna watu wanaosema, kaza mpaka na mambo yatatengemaa. Wanasahau, au walikuwa hawajazaliwa. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa kabisa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Hatuna haja ya kurudia ni nani aliyekuwa na kosa katika kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza. Twatazama tu matokeo. Miaka sita na zaidi, Mdigo wa Horohoro na ndugu yake wa Lunga Lunga wakawa watu wa nchi mbili zisizosalimiana. Je, watu waliacha kuvuka? Walivuka usiku. Sukari ilivuka, khanga zilivuka, na mshahara ulivuka, ila kila kimoja kilivuka kwa bei ya magendo, na faida ikawa ya mtu wa njiani. Uganda mwaka 1970 iliwafukuza Wakenya wapatao 30,000 waliokuwa wakifanya kazi za mikono huko. Nigeria mwaka 1983 iliwafukuza Waghana kwa mamia ya maelfu. Na sisi wenyewe mwaka 2013 tulifanya Operesheni Kimbunga kule Kagera, na maelfu ya watu waliokaa nchini miaka mingi wakavuka kurudi Rwanda na Burundi, wengine wakiacha mke upande huu na ng'ombe upande ule.

Wala si Afrika peke yake. Huko Asia ya Kati iko nchi ya milima iitwayo Tajikistan, ambayo wanaume wake wengi hufanya kazi za ujenzi na udereva Urusi. Benki ya Dunia ilihesabu kwamba mwaka 2022 fedha walizopeleka nyumbani zilifikia karibu nusu ya pato zima la nchi. Nusu! Kisha Machi 2024 watu wenye silaha waliwaua watu zaidi ya 140 katika ukumbi mmoja karibu na Moscow, na walioshitakiwa walikuwa Watajiki. Tangu hapo Urusi ikakaza. Februari 2025 lilianza kutumika daftari la wageni wasio na karatasi kamili, na aliyeandikwa humo haruhusiwi kununua nyumba, wala kuendesha gari, wala kufunga ndoa, na fedha anazoweza kutumia kutoka benki hazizidi rubo 30,000 kwa mwezi. Muuaji alitafutwa akapatikana. Mpiga lipu ambaye karatasi zake zina kasoro ndiye aliyefungiwa benki. Na Marekani nayo, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025, imeweka ushuru wa asilimia 1 kuanzia Januari 1, 2026 kwa fedha zinazopelekwa nchi za nje kwa noti taslimu au hawala za karatasi. Anayetuma kutoka akaunti ya benki halipi. Kwa maneno mengine, mwenye karatasi atapita bure, asiye nazo atalipa. Mwanzo walipendekeza asilimia 5. Wenzetu wa Kenya, ambao mwaka 2024 walipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa ndugu zao walio nje, kiasi kinachoipita chai yao mbali, walilitazama jambo hilo kwa hofu, na walikuwa na haki.

Basi twawauliza wenzetu hao hao, na twajiuliza sisi: mtu anayelalamika Washington kwa ajili ya ushuru wa mmoja kwa mia, kwa nini hana neno kwa mtumishi wa nyumbani kutoka Lushoto anayelala jikoni Mombasa bila kibali, na ambaye mshahara wake hukaa kwa bibi wa nyumba "kwa usalama"? Na sisi tunaolia kwa ajili ya mabinti zetu walioko Oman, na tuna sababu ya kulia, kwa maana uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch uliotolewa Novemba 2017 ulionyesha jinsi Watanzania watumishi wa nyumbani huko Oman na Falme za Kiarabu walivyonyang'anywa pasipoti na wengine kunyimwa mishahara, kibali chao kikiwa kimefungwa kwa tajiri mmoja asiyewaruhusu kuhama, je, sisi hatujaona kwamba kibali chetu cha mwaka 2015 nacho kimefungwa kwa tajiri mmoja? Kamba ile ile huitwa dhuluma ikiwa Muscat, na ikiwa Muheza huitwa utaratibu.

Twajua tutajibiwa kwamba vijana wetu hawana kazi, na mgeni anakuja kuzichukua. Jambo hili ni la kweli na halifai kudharauliwa. Kule Chongoleani, ng'ambo ya maji, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017, vijana wa Tanga waliuliza tangu siku ya kwanza: kazi hizi ni za nani? Wana haki ya kuuliza, na wana haki ya kuwa wa kwanza. Lakini mwenye kumnyima kijana wa Tanga kazi si yule kibarua wa Kwale. Ni mwajiri anayempenda kibarua asiye na kibali kwa sababu hana kinywa. Mpeni kibarua huyo kibali cha halali, alipwe kima kile kile cha raia, aandikwe katika chama cha wafanya kazi, na mara moja mwajiri hatakuwa na sababu ya kumpenda kuliko kijana wetu. Ni mgeni aliye rahisi anayemwondoa mwananchi kazini, na anayemfanya awe rahisi ni hofu yake ya Uhamiaji.

Kwa hiyo twaitaka Serikali itengeneze kibali cha muda kwa ajili ya watu wa mpakani na kazi za msimu, kitolewe Horohoro pale pale, ada yake iwe kwa shilingi na iwe kiasi ambacho kibarua aweza kulipa kwa mshahara wa siku chache, tena kisifungwe kwa shamba moja. Kibali hicho kikubaliwe kusajilia laini ya simu, ili mshahara upite njia iliyo wazi na ukiibwa ujulikane ulikoibiwa. Faini zile kubwa zianze kwa mwajiri na kwa raia anayeazimisha jina lake kwa mwenye makontena, zisianze kwa kinyozi. Na Muheza lijengwe soko la machungwa, ambamo mnunuzi wa nchi yo yote atanunua mbele ya mizani na karani wa ushirika, kabla hatujashangilia kwamba tumemfukuza shambani.

Kwa upande wa Kenya, Rais Kenyatta alipompokea Rais Samia Suluhu Hassan Nairobi Mei 2021 alitangaza kwamba wafanya biashara wa Tanzania wako huru kuja bila viza ya biashara wala kibali cha kazi, wakifuata tu sheria za nchi. Maneno yale yalipigiwa makofi mengi. Tungependa kujua yameandikwa katika sheria ipi, maana askari wa barabarani Lunga Lunga hasomi makofi. Na kama yanamhusu mfanya biashara, yamhusu pia mvuvi na mtumishi wa nyumbani.

Wabunge wetu wa Tanga Mjini, Mkinga na Muheza tunawaomba waulize swali moja Bungeni: tangu Sheria ya mwaka 2015 ianze, ni vibali vingapi vya kazi vilivyotolewa mkoani Tanga kwa vibarua wa mashamba na wavuvi kutoka nchi za Afrika Mashariki, na ni waajiri wangapi waliopelekwa mahakamani kwa kuwatumia wasio na vibali? Waziri akijibu, tutachapa jibu lake lote katika ukurasa huu, bila kupunguza neno.